Udongo Usoni, Mume Mlangoni

Tunaanza kwa kuomba radhi. Wiki nzima tumemwacha mwanamke wa watu amekaa kwenye kiti cha saluni, uso wote umepakwa udongo mzito wa kijivu, na mumewe amesimama mlangoni. Malalamiko yametufikia. Msomaji mmoja, ambaye anaonekana kuijali ngozi kuliko roho, ameuliza kama tunajua kwamba udongo ule hautakiwi kukaa usoni muda mrefu. Tunajua. Lakini nafasi gazetini ilikwisha, tungefanyaje?

Kwa wale ambao ukurasa wetu ulifungiwa samaki kabla hawajausoma, mambo ni haya. Mwanamke huyo anaitwa Tabasamu. Si jina alilopewa na wazazi wake. Mumewe ni mpiga picha, na picha kubwa ya mkewe akitabasamu imetundikwa kwenye dirisha la studio, basi mtaa mzima ukambatiza hivyo. Ngumi hazikutundikwa dirishani. Siku hiyo alitoroka akakimbilia saluni, kwa sababu kila mwanamke pale mtaani anajua kwamba saluni ile inasuka nywele mchana kweupe, na katikati ya kusuka inaficha wake za watu.

Kikundi cha akina mama wa saluni kina kanuni moja. Mmoja akipakwa udongo, wote wanapakwa udongo. Hakuna kuuliza. Atakayekutwa ndani, awe mwanachama, mteja au mpita njia, anapakwa, ili mume akiingia asijue aanzie wapi. Ndiyo maana kwenye kiti kilicho kando ya Tabasamu alikuwepo Muuza Mayai, ambaye aliingia kuuliza tu kama kuna anayetaka mayai. Sasa alikuwa na trei mapajani na udongo hadi masikioni, na alikuwa bado hajaelezwa chochote.

Gari la kumpeleka Tabasamu mahali salama lilikuwa njiani. Kilichotakiwa ni kutulia hadi lifike.

"Hodi," akasema Mpiga Picha.

Na nyuma yake, jamani, alikuwepo askari.

*

"Karibu shemeji," akasema mwenye saluni. Wenzake wanamwita Dada Mkuu, maana hutoa amri kama anayegawa zamu za kufagia bwalo. "Leo tukutengeneze nini? Kope?"

"Namtaka mke wangu."

"Wake hatuuzi. Tuna mafuta ya nywele."

"Ameonekana akiingia humu!"

"Wanaingia wengi. Wanatoka wamependeza. Wewe wako alikuwaje?"

Mpiga Picha alikuwa amejiandaa. Kifuani alikuwa ameikumbatia ile picha ya dirishani, na fremu yake na kioo chake, jasho likimtiririka. Akaigeuza. Tabasamu akajiona mwenyewe, ameng'aa kama sahani mpya, akitabasamu kwa watu wasiomjua.

Yeye halisi hakuthubutu hata kupepesa. Udongo ulikuwa umeanza kukauka, na Dada Mkuu alishawaonya: usicheke, usilie, usipige chafya. Ukikunja uso tu, udongo unapasuka kama ukuta wa mkandarasi mwizi, na kilichomo ndani kinaonekana.

"Afande," akasema Dada Mkuu, "na wewe umekuja kwa kope?"

"Mimi nimekuja kusuluhisha," akasema Askari, akivuta suruali juu ya kitambi. "Huyu bwana analalamika kwamba mkewe ameondoka nyumbani bila ruhusa."

"Ruhusa ya nani?"

"Ya... ya nyumbani."

"Nyumba ndiyo inatoa ruhusa?"

Askari akaona mazungumzo haya yana shimo mbele. Akalikwepa. "Bwana, tafuta mkeo tuondoke. Nina kazi."

Ukaguzi ukaanza.

Mpiga Picha alipita kiti kwa kiti akiwa na picha yake, akiiweka kando ya kila uso wa udongo, akifumba jicho moja. Na kwa kuwa mazoea ya kazi hayamwachi mtu, hakuacha kutoa maelekezo.

"Inua kidevu. Kidogo. Geuka kushoto. Usikodoe macho, mama."

"Nisikodoe wakati sijui nimefanywa nini?" akalalamika Muuza Mayai bila kufungua meno. "Mimi nilikuja na mayai."

"Si yeye," akasema Mpiga Picha.

"Naapa si mimi! Ningekuwa mkeo ningekupiga trei!"

"Nimesema si wewe!"

Akasogea. Viatu vyake vikasimama mbele ya Tabasamu.

Tabasamu aliitambua harufu ya dawa zake za kusafishia picha, ile inayoganda kwenye mito na mapazia. Aliitambua pumzi. Akamtazama usoni, kwani pengine pa kutazama hapakuwepo. Macho kwa macho. Huyu ndiye mwanamume aliyemwambia siku za uchumba kwamba angeweza kumtambua hata gizani, hata kwa kivuli, hata kwa kikohozi.

Mpiga Picha akatazama picha. Akatazama udongo. Akatazama picha tena.

"Si huyu. Mke wangu ana macho mazuri."

Akapita.

Wasomaji wetu mtatuambia nyinyi kama mwanamke anaweza kuokoka na kutukanwa kwa wakati mmoja. Tabasamu aliweza. Alitaka kushangilia, na papo hapo akatamani kumrushia kitana. Ameishi naye miaka yote hiyo, amempikia, amemfulia, amemfichia aibu yake mbele ya majirani, na leo amempita kama anayepita nguzo ya umeme!

Kwenye kona ya mdomo wake udongo ukafanya ufa mdogo. Akabana pumzi. Ufa ukatulia.

*

Mpiga Picha alimaliza safu nzima mikono mitupu. Askari akatoa kalamu.

"Tutumie akili. Mkeo ana alama gani ya kumtambulisha? Kovu, doa, chochote. Tutamfuta udongo pale tu."

Hata draya la nywele lilikuwa kama limeelewa, maana lilizimika lenyewe.

Alama ilikuwepo. Kovu juu ya nyusi ya kushoto, refu, lililoshonwa vibaya. Kwenye picha ya dirishani halikuonekana, kwa sababu Mpiga Picha alilifuta kwa ufundi wake wa studio, akaweka ngozi laini kama ganda la yai. Kulitaja kulikuwa kumpata mke. Lakini kulitaja kulikuwa pia kulieleza.

"Hana alama," akasema.

"Nakumbuka ana," akasema Askari. "Mliwahi kuja kituoni. Alikuwa na bandeji hapa. Ukasema aliteleza bafuni."

"Ah. Ndiyo. Aliteleza."

"Ngoja," akasema Dada Mkuu. "Mimi uliniambia mlango wa kabati ulimfungukia usoni."

"Kwangu ulisema mbuzi," akasema Muuza Mayai.

"Mbuzi?" akauliza Askari.

"Mbuzi wa jirani. Alimpiga pembe. Nikampa pole na mayai mawili ya bure."

Askari aliandika, akaacha, akakuna kisogo. "Bwana, nisaidie hapa. Aliteleza bafuni, akajigonga kabati, halafu mbuzi?"

"Afande, mke wangu ni mzembe sana."

"Mbuzi alikuwa anafanya nini bafuni?"

Udongo wa wanawake kadhaa ulipasuka kwa wakati mmoja. Mmoja alijifanya anakohoa. Tabasamu aliuma ulimi wake hadi machozi yakamlenga, maana alikuwa amezisikia hadithi zote tatu zikitungwa, moja baada ya nyingine, yeye mwenyewe akiwa amekaa pembeni na barafu usoni akiitikia kwa kichwa. Siku ile kituoni, Askari alipomgeukia akamuuliza kama ni kweli aliteleza, alisema ndiyo. Sauti ile ndogo ya "ndiyo" imemkera kuliko kovu lenyewe.

Mpiga Picha alihisi heshima yake inamvuja. Mtu wa aina hiyo akichekwa lazima ashike kitu. Akageuka, akanyoosha kidole kwenye kiti cha mwisho, kwa mwanamke mmoja aliyekaa kimya tangu mwanzo, mikono imepakatwa.

"Ni huyu!"

"Una hakika?"

"Mke wangu simjui? Angalia alivyokaa! Ananuna! Huyu ni wangu kabisa!"

Dada Mkuu alifungua mdomo, akaufunga, akaufungua tena. "Shemeji, huyo usim..."

Alichelewa. Mpiga Picha alishaiegemeza picha ukutani, akamdaka mwanamke yule mkono, akauzungusha nyuma ya mgongo kwa wepesi ambao hauji bila mazoezi.

"Aii!" akalia mwanamke.

"Twende nyumbani! Leo utanijua!"

Dada Mkuu akashika chupa ya dawa ya nywele. "Afande! Huoni?"

"Naona," akasema Askari, na akaangalia dari. "Lakini mambo ya mke na mume ni ya ndani. Sisi hatuingilii."

"Ya ndani wapi? Hapa ni saluni!"

"Mama," Askari akamgeukia mwanamke aliyepindwa mkono, kwa sauti ya upole, ile ya kufungulia sherehe. "Usishindane. Nenda nyumbani na mumeo. Kapikeni, mle, mzungumze. Mume ni mume."

Mwanamke akainua uso wake wa udongo, akamtazama.

"Nirudi kwa mume yupi," akauliza taratibu, "Baba Pacha?"

Kalamu ikaanguka.

Duniani kote kuna mtu mmoja tu anayemwita Askari yule Baba Pacha kwa mlio ule, na huwa anamwita hivyo akikuta kandambili zake kwenye zulia. Askari alikodoa macho. Akasogea. Kwa kidole kimoja akabandua kipande cha udongo shavuni, na chini yake likatokea shavu ambalo analilipia kodi ya nyumba.

"Mama Pacha?"

"Nilikuja kunyoosha nywele. Wakanipaka. Nikasema ngoja ninyamaze, nione kama mume wangu atanitambua." Akaokota kipande cha udongo mapajani. "Nimeona."

"Wewe!" Askari akamrukia Mpiga Picha, sauti imepanda kama ya kijana anayebalehe. "Unampinda mkono mke wangu!"

Mpiga Picha akauachia mkono ule kama ameshika pasi ya moto. Akarudi nyuma, akaigonga ile picha ya ukutani kwa kisigino, kioo kikalia ka.

"Samahani sana, afande," akasema, na alimaanisha kwa moyo wote. "Nilidhani ni wangu."

*

Ndugu msomaji, kuna sentensi ambazo mtu akizitoa hawezi kuzimeza tena. Hii ilikaa katikati ya saluni na hakuna aliyeigusa.

Askari alichomoa pingu. "Uko chini ya ulinzi!"

"Kwa kosa gani?" akauliza Dada Mkuu.

"Si umeona? Amemshika mke wa mtu!"

"Kosa ni kumshika, au kosa ni mke wa mtu?"

"Yote!"

"Maana dakika ile ulipodhani ni mke wake, mkono ulikuwa umepindwa vilevile. Nilikuwa naangalia. Haukubadilika hata kidogo."

Askari alibaki na pingu hewani. Ilionekana wazi kwamba wazo limemgonga kichwani na linatafuta pa kuingilia. Tulimwonea huruma.

Mama Pacha akausugua mkono wake. "Usifungue kesi kwa ajili yangu peke yangu," akasema. "Ukitaka maelezo yangu, kwanza msikilize mwenye mkono ambao huyu alidhani ni huu."

Alisema hayo akitazama ukuta. Hakumtazama Tabasamu, wala Dada Mkuu hakumtazama, wala Muuza Mayai, ambaye hatimaye alikuwa ameelewa kila kitu na alikuwa ameyakumbatia mayai yake kama watoto. Hakuna aliyemtaja. Angeweza kuendelea kukaa. Gari lingekuja, angeondoka zake na udongo wake, na Mpiga Picha angekesha akimtafuta.

Na Askari angebaki na lile "ndiyo" la Tabasamu kwenye faili.

Tabasamu akasimama. Akafika kwenye sinki la kuoshea nywele, akafungua maji, akainama. Udongo ukateremka kijivu, vipande vipande. Akajifuta kwa taulo, akageuka, na kovu lake juu ya nyusi likiwa wazi kabisa.

"Afande," akasema, "sikuteleza."

Sauti haikuwa kubwa. Ilitosha chumba.

"Sikuteleza, kabati halina kosa, na mbuzi wa jirani aombwe radhi. Ni huyu. Kwa ubapa wa pasi. Andika."

Askari akaokota kalamu. Mkono mmoja pingu, mkono mmoja kalamu, na Mama Pacha akihema nyuma ya kisogo chake. Hajawahi kuandika vizuri namna ile tangu amalize shule.

"Bwana," akasema alipomaliza, "huyu ndiye mkeo uliyekuwa unamtafuta?"

Na hapa, wapenzi wasomaji, mshikilie viti. Mpiga Picha alimtazama Tabasamu. Akatazama pingu. Akatazama daftari. Mtu angeweza kusikia hesabu zikipigwa kichwani mwake.

"Hapana," akasema.

"Hapana nini?"

"Simjui huyu mama. Ndiyo kwanza namwona."

"Picha yake umekuja umeikumbatia!"

"Wanafanana." Akaigeuza picha ikaangalia ukuta. "Afande, mimi napiga picha watu wengi. Kama huyu mama alipigwa pasi, pole yake, lakini aulize mumewe. Mimi sina mke hapa."

"Huna?"

"Sina."

"Andika na hilo," akasema Dada Mkuu haraka. "Hana mke hapa. Mwenyewe amesema, mbele ya mashahidi na trei la mayai."

Tabasamu alihisi kitu cha ajabu, kama mtu aliyesukuma mlango kwa nguvu zake zote akakuta haukufungwa. Kwa hiyo ameachwa? Hivi hivi? Mbona ni rahisi hivi? Alitaka kucheka, na kwa mara ya kwanza siku hiyo uso wake ulikuwa huru kufanya hivyo.

Nje honi ikalia. Gari la mikate la Mama Dereva, ambalo kikundi hulitumia kusafirisha wanawake katikati ya mikate bila mtu kushuku, lilikuwa limefika.

"Nisameheni kuchelewa!" Mama Dereva akaingia akipangusa unga mikononi. "Nimepita kumchukua mwingine. Hali yake si nzuri. Naye anataka kufichwa. Ingia mwanangu, usiogope, hapa hakuna mwanamume."

Mwanamke kijana akaingia nyuma yake, skafu imefungwa hadi nyusini, miwani myeusi, mkono mmoja umefungwa kitambaa shingoni. Akapiga hatua moja. Akasimama.

"Jamani!" akapiga kelele. "Mume wangu amefikaje hapa kabla yangu?"

Wote wakageuka kutafuta mume. Palikuwa na wanaume wawili tu chumbani. Mama Pacha alimtazama wake kwa jicho ambalo hatutalielezea gazetini, na Askari akaruka: "Si mimi! Wallahi si mimi!"

"Huyo!" Mwanamke wa miwani akamnyooshea Mpiga Picha kidole. "Aliyeniambia ana safari za kupiga picha za harusi kila mwisho wa wiki! Umenifuata mpaka huku unimalizie?"

Mpiga Picha akageuka rangi, ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kisha akafanya jambo ambalo hata sisi tunaolisimulia tuliliona kwa tabu. Alimkimbilia Tabasamu, akapiga goti moja kwenye maji ya udongo.

"Afande, huyu mtoto simjui, ni mwongo! Mimi nina mke mmoja tu, wa ndoa, wa halali! Ni huyu hapa! Mke wangu, mwambie afande!"

"Sasa hivi umesema humjui," akasema Askari.

"Nimemkumbuka!"

Askari akashusha pumzi ndefu. Akafungua ukurasa mpya, akalamba kidole, akamgeukia Tabasamu, na safari hii alivua kofia kabisa.

"Mama," akasema, "nakuuliza wewe. Huyu bwana unamjua?"

Mwanamke wa miwani aliishika skafu yake. Mpiga Picha, gotini, alimtazama mkewe kwa macho ya mbwa aliyevunja sahani, na kila mtu alijua kwamba neno moja linampeleka nyumbani naye, na neno jingine linampeleka kwingine peke yake.

Tabasamu hakujibu. Akavuta kiti, akaketi, akakunja nne. Akamtazama mumewe kuanzia viatu hadi kipaji cha uso, polepole, kama mtu ambaye hana mahali pa kuwahi.

"Swali zuri hilo, afande," akasema. "Msiniharakishe."